Mishale Ndani ya Vurumai: Bei Isiyomuuma Mchezaji

Wanamgambo 20 wenye mikuki wamekabana na mashujaa wanane wa deraya nzito katikati ya meza. Inchi nane nyuma ya wanamgambo wamesimama wapiga upinde 12 wa jeshi lao, na katika masafa yao hakuna adui mwingine wa kumrushia. Mwenye wapiga upinde anataka kurusha. Mwenye mashujaa anakataa katakata. Kitabu cha kanuni kinafunguliwa, sentensi moja inasomwa mara tatu kwa sauti tatu tofauti, na mchezo uliopangwa kwisha jioni unaingia usiku.

Ugomvi huu haukauki katika michezo ya vita vya kihistoria ya mezani, na mara nyingi huendeshwa kwa mtindo wa mkuki kwa nguruwe: anayerusha leo huiona kanuni kuwa ya haki, akirushiwa wiki ijayo huiita uonevu. Hoja za pande zote mbili hazikosi uzito. Mmoja atasema mishale haina macho, itawaua wenzake. Mwingine atasema kikosi hakiwezi kuwa salama dhidi ya silaha zote za uwanjani kwa sababu tu kimemgusa mtu.

Nadhani wote wawili wanabishania jambo la pembeni. Kama mshale unaweza kumpata rafiki, jibu linajulikana: unaweza. Suala ni kama mchezaji anayetoa amri ya kurusha analipa bei inayomuuma. Kamanda wa kweli aliyeamuru mishale irushwe migongoni mwa watu wake alijiweka katika hatari ya jeshi zima kumkimbia au kumgeuka. Mchezaji hana hofu hiyo. Vijisanamu vya milimita 28 havina ndugu wala havipigi kelele za kusalitiwa, na vikifa vinarudi sandukuni kusubiri mchezo ujao. Kanuni inayotoza bei kwa maiti za wanamgambo inatoza sarafu ambayo mchezaji anayo tele.

Hesabu inaonyesha hivyo waziwazi. Tuchukue kanuni inayosikika kuwa ya haki kuliko zote, ile ya nusu kwa nusu: kila mshale uliopata shabaha, tupa dadu, 1 hadi 3 umempata rafiki, 4 hadi 6 umempata adui. Wapiga upinde wetu 12 wanapata kwa 5 au 6, kwa hiyo kwa wastani mishale minne inapata. Miwili kwa rafiki, miwili kwa adui. Wanamgambo hawana deraya, mshale unaua kwa 4 na kuendelea: anakufa mmoja, na thamani yake katika orodha ya jeshi ni pointi 4. Kwa mashujaa mshale unajeruhi kwa 4 na kuendelea, halafu deraya inaokoa kwa 4 na kuendelea: wastani wa nusu mtu. Lakini shujaa mmoja ni pointi 24, na nusu yake ni 12. Anayerusha amelipa 4 akapata 12. Kwa biashara hiyo, asiyerusha ni mjinga, na ni hapo ninapoona kanuni imeharibika: imegeuza kitendo cha kukata tamaa kuwa mbinu ya kwanza kwenye orodha. Mchezaji mjanja atanunua wanamgambo wengi wa bei nafuu, atawatuma wakamgandishe adui mahali, kisha atawamiminia mishale wote kwa pamoja. Kwa takwimu hizi za deraya, faida inaanza pale tu adui anapokuwa na thamani zaidi ya mara mbili ya rafiki.

Wengine hurekebisha kwa kugawa mishale kulingana na idadi ya vijisanamu vilivyomo katika vurumai, yaani mapigano ya ana kwa ana. Katika mfano wetu ni 20 dhidi ya 8, yaani mishale saba katika kila kumi inaangukia rafiki. Ni afadhali, ila shimo halijazibwa. Mishale minne inawapa wanamgambo hasara ya karibu pointi 6, na mashujaa karibu pointi 7. Anayerusha bado yuko mbele kidogo, tena upande wenye mashujaa wanane unaumia kwa kila mmoja anayeondoka kuliko upande wenye 20. Juu ya hayo, kila zamu mnasimama kuhesabu vichwa na kutafuta uwiano. Kwa mchezo wa vikosi 15 kila upande, hiyo ni adhabu kwa wachezaji wote wawili.

Ipo pia kanuni inayojionyesha kuwa kali: punguza 1 katika kurusha, na kila dadu inayoonyesha 1 imempata rafiki. Ikokotoe. Wapiga upinde waliokuwa wakipata kwa 5 sasa wanapata kwa 6 tu: dadu 12, mishale miwili kwa adui. Dadu zinazoonyesha 1 ni mbili vilevile: mishale miwili kwa rafiki. Ni nusu kwa nusu ile ile imebadilishiwa nguo. Kwa warushaji hodari wanaopata kwa 4, hali ni mbaya zaidi, kwani sasa adui anapata minne na rafiki miwili.

Basi tupige marufuku kabisa? Kanuni nyingi zimefanya hivyo, na sizilaumu, maana marufuku ni fupi na haihitaji mwamuzi. Ila nayo ina mlango wa nyuma. Kikosi cha wapanda farasi wepesi sita kinachojua kwamba zamu ijayo kitapigwa na mizinga kinaweza kujipenyeza hadi kwenye kona ya kikosi chochote dhaifu, kitako kimoja (kibao kinachobeba kijisanamu) kiguse kitako kimoja, na papo hapo kikosi kizima kikawa hakishikiki. Upana wa mbele ni milimita 150, mguso ni milimita 25, na kinga ni asilimia mia. Ndicho kinachowafanya wapinzani wa marufuku wapandishe sauti, na katika hilo wana haki. Dawa yake ni ndogo: kikosi kihesabiwe kuwa kimo katika vurumai kwa kinga ya mishale pale tu angalau nusu ya upana wake wa mbele imegusana na adui. Chini ya hapo, anayeona sehemu iliyo wazi na arushe, kwa nusu ya dadu zake.

Kabla ya kupendekeza kitu kinachozidi marufuku, ni vizuri kuuangalia mshale wenyewe, kwa sababu hoja ya „unapita juu ya vichwa vya wenzangu” hurudiwa mno na haipimwi. Chukua mshale unaoondoka kwenye upinde kwa mita 50 kwa sekunde, na tuache ukinzani wa hewa. Kwa shabaha iliyo mita 100 kwenye ardhi tambarare, unarushwa kwa pembe ya digrii 11 na nusu hivi, na katikati ya safari unafika mita tano juu ya usawa uliotoka. Hadi hapo mtetezi wa hoja yuko sahihi: mtu aliyesimama katikati ya uwanja hata hausikii. Tazama mwisho wa safari sasa. Mita tano kabla ya shabaha, mshale uko chini kidogo ya mita moja juu ya usawa wa shabaha. Mita moja kabla yake, umebaki sentimita 20. Ukilenga kifua cha adui wa safu ya kwanza, mwenzako anayepigana naye, aliye hatua moja mbele yake, mshale unampata shingoni kwa nyuma.

Ili umpite juu mwenzako wa mita 1.8, lazima ukubali kutua mita mbili na nusu baada yake, yaani safu ya pili au ya tatu ya adui. Kinadharia inawezekana. Lakini kwa mwendo huo, kosa la digrii moja katika kuinua upinde linausogeza mshale mita nane mbele au nyuma. Kama mezani masafa ya inchi 24 yanawakilisha mita 200, basi inchi moja ni mita nane na ushei. Digrii moja ya mkono wa mtu aliyechoka, anayerusha huku ameshika pumzi, ni inchi nzima mezani, na inchi hiyo inatosha kumeza unene wa kikosi cha rafiki chote. Hewa halisi huufanya mshale uanguke wima zaidi kidogo, jambo linalosaidia, ila tatizo la digrii haliondoi.

Kwa hiyo nikiulizwa kuhusu kurusha kutoka nyuma ya wenzako, kwenye ardhi tambarare, kuelekea safu ya mbele ya adui aliyekabana nao, jibu langu ni marufuku bila nusu kwa nusu wala dadu ya bahati. Mchezaji akitaka mishale isaidie pale, awe amewapanga wapiga upinde wagusane na migongo ya wenye mikuki tangu mwanzo, na msaada huo uhesabiwe kama nyongeza ya 1 katika matokeo ya vurumai. Huo ulikuwa mpango halisi wa Arrian, gavana wa Kirumi wa Cappadocia, alipojiandaa dhidi ya Waalani, watu wa vita vya farasi, karibu mwaka 135: safu nne za mbele zishike mikuki mirefu, safu nne za nyuma yake zirushe mikuki mifupi juu ya vichwa, wapiga upinde wa miguu wawe safu ya tisa, na nyuma yao wapiga upinde wa farasi na mitambo. Ukuta mmoja, amri moja, na shabaha kuu ni wapanda farasi wanaosogea. Hakuna kikosi cha pili kinachotokea pembeni na kuamua kumimina mishale katikati ya ugomvi wa wengine.

Kumbukumbu za vita zinaegemea upande huo huo, ingawa kuna moja inayokataa kukaa kimya, nami nitaifikia. Kuhusu vita vya Bannockburn huko Scotland, mwaka 1314, mwandishi wa historia Geoffrey le Baker anaeleza kwamba wapiga upinde wa Kiingereza waliowekwa nyuma ya wapanda farasi wao walirusha juu mishale ikaanguka bure kwenye kofia za chuma, na waliorusha moja kwa moja waliwapata Waskoti wachache vifuani na Waingereza wengi migongoni. Aliandika miaka mingi baadaye, kwa hiyo idadi zake si za kuapia, lakini picha ya makosa mawili, la juu na la moja kwa moja, ni ile ile ya hesabu hapo juu. Miaka 16 nyuma, huko Falkirk mwaka 1298, mambo yalikwenda kwa mpangilio: wapanda farasi wa Edward I, mfalme wa Uingereza, walipogonga miduara ya mikuki ya Waskoti bila mafanikio, walirudishwa, ndipo wapiga upinde wakapewa uwanja mtupu wa kufanyia kazi, na farasi wakarudi baada ya miduara kutoboka. Ni kupokezana zamu. Na huko Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, kasisi aliyekuwa katika msafara wa Henry V anasimulia kwamba mishale ilipokwisha, wapiga upinde walinyakua shoka, mapanga na vigingi wakaingia wenyewe kwenye vurumai. Kwa mtengeneza kanuni, hilo ni dokezo la thamani: mpiga upinde aliye karibu na vurumai na asiye na shabaha safi huwa askari wa miguu mwepesi. Mpe ruhusa ya kushambulia ubavuni kwa nyongeza kidogo, na utaona mchezaji ameacha mwenyewe kuulizia habari ya kurusha.

Vita vya Barnet nchini Uingereza, 14 Aprili 1471, vinatupa upande wa bei. Katika ukungu, watu wa Earl wa Oxford walirudi uwanjani wakiwa na nembo ya nyota yenye miali. Wenzao wa jeshi la Warwick wakaidhania jua lenye miali, nembo ya adui yao Edward IV, wakawarushia mishale. Waliokufa kwa mishale hiyo hawakuwa ndio waliolipotezea jeshi vita. Kilio cha usaliti ndicho kilicholipasua, kwa kuwa kila mtu pale alishajua kwamba mabwana wao wamebadilisha upande zaidi ya mara moja. Kitu cha aina hiyo kilitokea jioni ya tarehe 5 Julai 1809 huko Wagram, Wasaxony waliovaa sare nyeupe walipopigwa risasi na washirika wao wa jeshi la Napoleon waliowadhania Waaustria. Nao hawakusimama kuhesabu marehemu, walivunjika. Kanuni zinazogawa majeruhi kwa uangalifu hadi mtu wa mwisho na kusahau kipimo cha ari zimepima kisichopimika mezani na kuacha kile kilichoamua.

Sasa ile kumbukumbu sumbufu. Mwaka 554, kando ya mto Volturno nchini Italia, mahali palipoitwa Casilinum, jeshi la Narses, jemadari wa Warumi wa Mashariki, lilikutana na Wafaranki na Waalemanni, makabila ya Kijerumani. Kabari ya Wafaranki ilipasua katikati ya mstari wa Warumi. Narses akaamuru mbawa zake zikunjike kwa ndani, na wapiga upinde wa farasi wakawa wanarusha, kila ubawa ukipiga migongo ya maadui waliokuwa wamegeukia ubawa wa pili. Agathias, aliyeandika habari hizo, anaona fahari kueleza kwamba waliopigwa hawakujua hata mishale inatoka wapi. Hao walikuwa wamekabana. Walirushiwa. Na ilifanya kazi.

Tofauti yake na Bannockburn iko katika jiometri. Kwanza, warushaji walikuwa juu ya farasi, wenye macho juu ya vichwa vya askari wa miguu. Pili, hakukuwa na rafiki kati ya upinde na shabaha. Tatu, na hili wengi hulipita, miili ya maadui wenyewe ilikuwa ndiyo kizuizi cha mishale iliyozidi: kabari nene ina watu wa kutosha kupokea mshale uliokosa kabla haujafika kwa rafiki wa upande wa pili. Kadiri adui alivyo mnene, ndivyo kumrushia mgongoni kunavyokuwa salama kwa wenzako. Ni kinyume na hisia za kwanza za mchezaji, ambaye hupenda kuwarushia waliobaki wachache.

Kutoka hapo kanuni inajiandika, kwa michezo ya ukubwa wa kati ambapo kikosi ni vijisanamu 12 hadi 24. Kikosi cha kurusha kinaruhusiwa kulenga adui aliyemo katika vurumai ikiwa vitako vyake vyote viko nyuma ya mstari wa ubavu au wa mgongo wa adui huyo, mstari ukirefushwa kwa rula hadi ukingo wa meza. Umbali usizidi nusu ya masafa yake. Uzi ukivutwa kutoka katikati ya ukingo wa mbele wa warushaji hadi katikati ya shabaha, usiguse kitako chochote cha rafiki wala kupita chini ya inchi mbili kutoka kwake. Adui awe na angalau safu mbili kamili zilizobaki. Akiwa na safu moja, hakuna ukuta wa kupokea mshale, na ruhusa inakufa.

Dadu ni nusu, kwa hiyo 12 zinakuwa sita. Hakuna rafiki anayeondolewa mezani kwa mshale. Badala yake, dadu mbili au zaidi kati ya hizo zikionyesha 1, kikosi cha rafiki kilichomo katika vurumai kinapima ari papo hapo, pamoja na vikosi vyote vya jeshi hilo vilivyo ndani ya inchi sita. Kwa dadu sita, uwezekano wa dadu mbili au zaidi kuonyesha 1 ni karibu asilimia 26. Kikosi chenye ari ya 7 kinachopima kwa dadu mbili, kikishindwa jumla ikizidi 7, kinashindwa asilimia 42 ya mara, kwa hiyo kwa kikosi kimoja hatari ya jumla ni asilimia 11 hivi. Ni ndogo, nakubali. Lakini haiko kwa kikosi kimoja, na mchezaji aliyejaza wanamgambo katikati ya meza ndiye mwenye vikosi vinne au vitano ndani ya zile inchi sita, vyote vya ari duni. Mbinu ya wanamgambo wa kutupwa inajilipisha yenyewe. Mwenye jeshi dogo la askari hodari, aliyewazungusha wapiga upinde wake hadi mgongoni kwa zamu tatu akiwaacha wazi njia nzima, bei yake ni ndogo, na anastahili.

Kipengele cha mwisho cha kanuni hii kinapuuzwa kuliko vyote: lini kurusha huko kunahesabiwa. Michezo mingi huenda kwa mfuatano wa mwendo, kurusha, vurumai. Ukirusha kabla ya vurumai, kila mshale unafanya kazi mara mbili. Tuseme adui ni watu 15 katika safu tatu za watano, na kila safu kamili nyuma ya ya kwanza inampa nyongeza ya 1. Mshale mmoja tu ukimwondoa mtu mmoja, safu ya tatu si kamili tena, na nyongeza imetoka 2 hadi 1. Akishindwa vurumai kwa tofauti hiyo, anapima ari kwa 6 badala ya 7: nafasi yake ya kusimama imeshuka kutoka asilimia 58 hadi 42. Hasara ya mtu mmoja imegeuka kuwa hasara ya kikosi kizima, na mpigaji atasema ni bahati ya dadu. Si bahati, ni mpangilio wa hatua. Warushie walio katika vurumai baada ya vurumai ya zamu hiyo kukamilika, na waliokufa kwa mishale wasiingie katika matokeo yake. Mabadiliko haya peke yake, hata ukikataa mengine yote niliyoandika, yanapunguza malalamiko kwa kiasi kikubwa.

Kuna mwanya mwingine katika mfuatano huo. Mchezaji anasukuma wanamgambo wakagusane na adui kwenye hatua ya mwendo, kisha kwenye hatua ya kurusha ya zamu hiyo hiyo anadai kwamba mishale ilirushwa wakati wenzake wakikimbia. Dai hilo lina mantiki, na linaweza kukubaliwa kwa sharti la kutangazwa kabla ya mwendo: warushaji wanatupa dadu kwanza, ndipo wanamgambo wanasogea. Ukisogeza kwanza, umechagua.

Ukubwa wa mchezo unabadilisha mambo, na ndiyo sababu kanuni moja haiwezi kukopwa kutoka kitabu hadi kitabu. Katika mchezo ambao kitako kimoja ni mamia ya watu na zamu moja ni robo saa au zaidi, vitako vilivyogusana haviwakilishi watu wanaosukumana ngao kwa dakika 15 mfululizo, hakuna mwili unaoweza hilo. Vinawakilisha kusogea, kugongana, kurudi nyuma hatua kumi, kurushiana vitu na matusi, na kugongana tena. Mishale ya hapo katikati imeshahesabiwa ndani ya dadu za vurumai. Marufuku kamili inatosha, na anayetaka zaidi anataka kulipwa mara mbili. Michezo ambayo vurumai huamuliwa mara moja na pande mbili kutenganishwa kwa inchi kadhaa nayo haina tatizo hili, ingawa ina jingine: kikosi kilichotoka tu kusukumwa nyuma kinabaki wazi kama shabaha, na hapo inafaa kuangalia kama mchezaji mmoja hapati nafasi ya kurusha baada ya kila mgongano.

Kwenye mchezo wa mapigano madogo, kijisanamu kimoja mtu mmoja, zamu sekunde chache, nabadilisha msimamo. Hapo nusu kwa nusu inafaa, na hata kurusha kutoka nyuma ya rafiki kunafaa, kwa sababu mchezaji ana watu kumi tu, wana majina, na wanarudi katika mchezo unaofuata wakiwa na makovu yao. Bei inauma. Mtu anayefikiria mara mbili kabla ya kumrushia adui aliyekabana na nahodha wake wa miezi yote hahitaji kanuni ya kumzuia.

Mizinga niiseme kwa kifupi. Risasi moja ya chuma kwenye ardhi tambarare inaruka na kudunda ikifuata mstari. Rafiki akiwa kwenye mstari huo, hakuna kurusha. Marisau, yaani risasi ndogo nyingi zinazotoka kwa pamoja, yanatanuka: tumia pembetatu ya kadibodi, na kila kitako inachokigusa, cha adui au cha rafiki, kinapigiwa dadu zake kamili. Haubitza, mzinga unaorusha kombora kwa kulipandisha juu, ni jambo tofauti. Huko Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, haubitza za Meja Bull zilirusha makombora juu ya vichwa vya wenzao hadi kwenye msitu wa Hougoumont, ambamo pande zote mbili zilikuwemo. Lakini hiyo ilikuwa amri iliyotoka kwa Wellington mwenyewe, kamanda wa jeshi lao, iliyopewa kikosi kilichoaminika kwa kazi hiyo. Mezani iwe hivyo: jenerali atumie amri yake ya zamu hiyo kwa ajili ya betri moja (kikosi kimoja cha mizinga), na vikosi vingine vikose amri. Kwa wachezaji wengi niliowaona wakicheza, kupoteza amri kunauma kuliko kupoteza watu sita.

Anayetaka kuleta kanuni ya namna hii kwenye meza yake asianze nayo katika mchezo kamili. Apange hali tatu: warushaji nyuma ya rafiki, warushaji ubavuni, warushaji mgongoni mwa adui mnene. Kila hali ichezwe mara kumi, wachezaji wakibadilishana pande baada ya tano, na kila mara ziandikwe pointi zilizoondoka mezani kwa kila upande kufikia mwisho wa zamu ya pili, pamoja na vikosi vilivyokimbia. Ikionekana wanamgambo wa bei nafuu bado wanaleta faida wakitumiwa kama chambo, usiongeze idadi ya wanaokufa. Panua zile inchi sita ziwe nane, kisha urudie hali ya pili.